Sahani Iliyorudi Imeoshwa

Sahani ilirudi imeoshwa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza, na ninalitaja mapema kwa sababu watu wa nyumbani kwangu hupenda kusema kwamba mimi hushuku bila sababu. Hebu nawe fikiria. Mgonjwa wa mguu, mama mwenye wajukuu wakubwa, anayeinuka kitandani kwa kushika ukuta, amekula kiamsha kinywa chake, kisha akatembea mpaka kwenye mfereji wa ploti, akaosha sahani na kijiko, akavirudisha juu ya kigoda nje ya mlango wake vikiwa vinang'aa? Nilisimama uani pale Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, na ile sahani mkononi, nikaigeuza, nikainusa. Ilinuka sabuni.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu. Tulikuwa tumemleta Kitale kutoka Kamukuywa, kule Bungoma, akiwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidonda ambacho kilikuwa kimekataa kupona tangu mavuno. Daktari alipompima damu akasema sukari iko juu sana na kidonda hakitafunga mpaka ishuke. Alitupa wiki sita. Sukari ikitulia, kidole kitabaki. Isipotulia, kitakatwa, na baada ya kidole mara nyingi huwa ni mguu. Aliyasema hayo huku akiandika, bila kuinua macho, na mke wangu akanishika mkono wa shati.

Kazi yangu mimi ni kununua mahindi Moi's Bridge. Tajiri hutoa pesa, mimi hutoa macho. Mkulima akishusha magunia, huchukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ndani, nikalichoma gunia ubavuni mpaka katikati ili nione kilichofichwa. Juu mahindi ni makavu, meupe, ya kupendeza. Katikati ni mabichi. Chini kabisa kuna magunzi, na mara moja nilikuta tofali zima. Walioniuzia tofali lile walikuwa wameniombea baraka kabla ya kupima. Miaka kumi na tano ya kazi hiyo imeniharibu, nakubali. Siwezi kutazama kitu kizuri bila kujiuliza chini kuna nini.

Mvua za kupanda zikianza, mahindi huisha na mimi hukaa nyumbani. Ilikuwa ni msimu huo. Mke wangu ni mwalimu, shule yake iko mbali upande wa mlimani, na gari linalowachukua walimu hupita barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa tulibaki kwenye ploti mimi na mama mkwe, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali mahali pamoja. Mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Si chuki, ni heshima. Mimi nilizaliwa kwenye mashamba ya Trans-Nzoia, tukiwa majirani na watu wa kila kabila, na mambo hayo niliyajua kijuujuu tu. Kwake yeye yalikuwa sheria. Ndiyo maana tulimkodishia chumba chake peke yake, ng'ambo ya ua, mlango kwa mlango na mjane mmoja kutoka Bungoma ambaye hushona sweta za shule kwa mashine. Katika miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimemjua mama mkwe kwa upindo wa rinda lake na kwa sauti yake nyuma ya pazia. Uso wake niliujua zaidi kwenye picha za harusi.

Kliniki ilitupa mshauri wa lishe, msichana mpole aliyetuchorea sahani kwenye karatasi. Nusu ya sahani ni mboga. Robo ni wanga, na si mkate mweupe: iwe nduma, kiazi kitamu au uji wa wimbi. Robo ni yai, maharagwe au samaki. Chai bila sukari, na kipande cha parachichi kikipatikana. Akasema cha muhimu kuliko vyote ni kiamsha kinywa, na kwamba tembe za asubuhi zimezwe pamoja na chakula, wala zisimezwe tumbo tupu hata siku moja. Mimi nilimpenda msichana yule. Mke wangu alikuwa analia kidogo, lakini mimi niliona sahani iliyogawanywa kwa kipimo na nikajua kazi hii naiweza.

"Nitaamka saa tisa nipike," mke wangu akasema tulipofika nyumbani.

"Kitakuwa kimepoa akifika wakati wa dawa. Nitapika mimi."

Akatikisa kichwa. "Hawezi kula kitu umepika wewe. Wewe ni mkwe."

"Asijue basi. Sema umepika wewe kabla utoke, mimi nabeba tu."

Alifikiri, akakubali. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumsaidia mgonjwa, na tuliukubali tukiwa tumekaa kwenye kochi kama watu wanaopanga safari ya sokoni. Sikuuhesabu kuwa uongo. Mimi uongo ninaoujua ni ule wa watu wengine.

Nikaanza. Gari la walimu likiondoka nilikuwa nawasha gesi. Nilikata kitunguu, nikakaanga kidogo, nikatia sukuma iliyokatwa nyembamba au mnavu niliouchemsha mapema. Nduma niliimenya na kuikata vipande vya mraba, vyote sawa, ili robo iwe robo kweli. Yai nililimenya mwenyewe ili asihangaike. Nitasema ukweli, nilianza kuipenda kazi ile. Kulikuwa na baridi ya Kitale nje, dirisha limejaa mvuke, redio iko chini, na mimi nimefunga leso ya mke wangu kiunoni nikipanga mboga upande mmoja na yai upande mwingine. Kule Moi's Bridge hakuna mtu anayejua habari hii, na wasomaji wa kule naomba wanyamaze.

Saa kumi na mbili na nusu nilikibeba chakula kimefunikwa kwa sahani nyingine, nikakiweka kwenye kigoda, nikakohoa mara mbili, nikaondoka bila kugeuka. Nilipokwisha kupita kamba za nguo mlango ulifunguka, mkono ukatoka, ukachukua. Saa tatu na nusu sahani ilikuwa imerudi kigodani, imeoshwa.

Jioni mke wangu alimpima kwa ile mashine ndogo na kuandika kwenye daftari la shule. Wiki ya kwanza sukari ilikuwa juu. Tukasema mwili unazoea. Wiki ya pili ilikuwa juu. Wiki ya tatu niliketi na daftari lile, na jambo likaniruka machoni: Jumatatu mpaka Ijumaa ilikuwa juu, Jumamosi na Jumapili ilitulia. Nikarudi nyuma, hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwisho wa wiki, mke wangu akiwa nyumbani, mama alikuwa mzima. Siku za kazi, mambo yaliharibika.

"Kuna mtu anamletea vitu," nikasema. "Anajua siku ambazo wewe haupo."

"Nani sasa?"

Sikujua, kwa hiyo nilimshuku kila mtu mwenye miguu ya kufika mlango ule. Nilimshuku mwenye kioski cha langoni kwa sababu mandazi yake yalikuwa yakiisha mapema. Niliwashuku akina mama wa kanisa waliokuja Jumatano kumwombea na mifuko mikubwa kupita kiasi. Nilimshuku mama mwenyewe. Watu wa Bungoma na chai yenye sukari, nilijiambia, utawatenganisha vipi? Asubuhi kwao ni birika zima la chai ya maziwa, sukari imetiwa humo humo jikoni, kila mtu apewe kikombe chake kikiwa tayari kitamu. Mtu wa namna hiyo umpe chai kavu na majani ya mnavu saa kumi na mbili, halafu uamini kwamba ameridhika? Ile sahani iliyokuwa inang'aa ilianza kunichekesha kwa uchungu. Niliona kwamba ananidanganya kwa usafi.

Nikakaa dirishani. Nilisogeza pazia kiasi cha jicho moja, nikaweka kikombe changu karibu, nikangoja. Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya pili, saa tatu kamili, mashine ya kushona sweta ilinyamaza, na yule mjane akatoka kwake na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Alitazama upande wetu. Mtu asiye na neno hatazami upande wa watu. Akabisha, akaingia, akakaa kama robo saa, akatoka na kikapu chake.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama uani kabla hajafika.

"Habari ya asubuhi, shemeji?"

"Nzuri, shemeji. Mbona umesimama kwa baridi?"

"Kikapu kimebeba nini?"

Akakivuta nyuma ya rinda lake. Mimi sikuwa na haya. Niliinua kitambaa. Kulikuwa na chupa ya chai, na nilipofungua kifuniko harufu ya maziwa na tangawizi ilinipiga puani; kulikuwa na mkate mweupe uliopakwa siagi, na viazi vitamu viwili. Nilionja chai kwa kidole. Ilikuwa na sukari.

"Unajua huyu mama ako na nini?"

"Najua. Hata marehemu wangu alikuwa nayo hiyo."

"Na bado unamletea hii? Wewe ndio unamkatisha mguu!"

Akakifunika tena kikapu. "Shemeji, si uniskize kwanza. Kuna kitu hujui."

"Ninachojua kinatosha. Usivuke huo mlango tena siku za kazi."

Alinitazama, kisha akautazama mlango wa mama, ambao ulikuwa wazi kidogo. Nadhani alingoja ruhusa kutoka mle ndani. Haikuja. Akarudi kwake na kikapu, na baada ya muda mashine ikaanza tena. Kama ningemsimamisha siku nyingine yoyote wakati wa kutoka, nikafunua kile kikapu, ningejua yote. Lakini mazoea yangu ni kupekua mtu anapoingiza mzigo, si anapoutoa.

Jumamosi mke wangu alikwenda kumfulia mama nguo. Kwenye pembe ya leso akakuta fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na sukari, kama vijiko vinne. Nilikuwa chini ya dirisha, ndiyo, nilikuwa nasikiliza, na nikamsikia akilia.

"Mama, unataka kukatwa mguu?"

"Hapana, mayi," mama akajibu. Mayi ni mama. Ndivyo wao huwaita binti zao kwa mapenzi.

"Sasa hii ni nini? Hii unafichia nani?"

Kitanda kikagonga ukuta. Kisha nikasikia, "Chukua tu. Chukua uende nayo."

Mke wangu akatoka na ile sukari ndani ya ngumi. Nilisikia furaha, siwezi kuficha. Nilikuwa nimechoma gunia na nimelikuta tofali. Nilimwambia, "Si nilikuambia?" na akanipita.

Jumatatu sahani ilirudi imeoshwa kama kawaida, na safari hii sikuinusa. Niliamini kwamba adui amefukuzwa na kwamba sasa chakula changu kitafanya kazi. Jumanne nilikata nduma kwa furaha zaidi, nikaongeza parachichi, nikakohoa kwa sauti kubwa. Saa tatu na nusu sahani haikuwa kigodani. Nilisema labda leo anakula polepole, kimemnogea.

Saa nne mjane alipiga kelele.

"Shemeji! Shemeji, kuja haraka!"

Nilivuka ua nikikimbia, na mlangoni nikasimama. Miguu ilikataa yenyewe. Sikuwahi kujua kwamba mambo yale niliyodai kuyajua kijuujuu yalikuwa ndani yangu kiasi kile. Mjane alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa cha mama kikiwa mapajani mwake.

"Ingia bana! Ukisimama hapo atakufa!"

Nikaingia. Mama alikuwa amelowa jasho shingo mpaka mgongo, mikono inatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu, na alikuwa akisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kando yake kwenye meza ndogo kulikuwa na sahani yangu, imefunikwa. Mjane aliisukuma ili kupata nafasi na ile ya juu ikaanguka. Nduma yangu ilikuwa pale, vipande vyote vya mraba. Yai lilikuwa zima. Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe wa plastiki, na ndani yake niliona chakula cha Jumatatu, kimeanza kuchacha, na kando yake beseni dogo la maji ya sabuni.

"Sukari!" mjane akasema. "Lete sukari na maji, haraka!"

"Sukari ndiyo ugonjwa wake."

"Imeshuka! Amekunywa dawa na hajakula kitu! Wangu alikuwa anakuwa hivi hivi. Kimbia!"

Nilikimbia. Nilirudi na kikombe ambacho nusu yake ilikuwa sukari. Mjane alinipa kichwa cha mama nikishike, yeye akatoka nje kutafuta gari, na nikabaki peke yangu na mama mkwe wangu mikononi. Nilimwegemeza kifuani. Alikuwa mwepesi mno. Nikamtilia kijiko cha kwanza mdomoni, meno yakagonga chuma, akameza. Nikatia cha pili. Kwenye cha tano au cha sita macho yake yalitulia, yakapanda polepole mpaka usoni pangu, na akanitambua. Akayafumba. Lakini mdomo aliuacha wazi, na mimi nikaendelea kumlisha.

Hospitalini, akiwa amewekewa maji kwenye mshipa, tabibu alituuliza alikuwa amekula nini asubuhi. Mimi nikaanza kujibu kwa mazoea: nduma, mboga, yai.

"Hajakula," mjane akasema. Alikuwa hanitazami. "Hiyo chakula yake hajawahi kula. Hata siku moja."

Tabibu akaandika, akaenda. Tulibaki kwenye benchi la ukumbini, na ndipo nilipomwambia aseme kile kitu ambacho sikujua.

"Alijua ni wewe unapika. Tangu siku ya kwanza."

"Alijuaje?"

"Shemeji, mwalimu ameshapanda gari, ameenda, halafu kitunguu ndio kinaanza kunukia. Si ana pua? Na hiyo nduma, binti yake hukata mviringo. Wewe unakata kama sabuni."

Nikanusa vidole vyangu; kitunguu kilikuwa bado kipo.

"Hakuweza kula mkono wa mkwe. Na hakutaka kusema. Alisema akisema, mwalimu ataacha kazi, ama nyinyi wawili mtagombana, ama watu wa nyumbani wasikie ati mkwe wake anafunga leso anapika. Akasema wewe unajaribu sana, usiaibishwe. Basi nilikuwa nabeba hiyo chakula kwa kikapu nakula na watoto, nikiosha sahani. Namletea chai. Nilimwambia chai ya sukari ni mbaya, akasema ndio inampa nguvu akishakunywa dawa. Asubuhi akianza kutetemeka kabla nifike, alikuwa analamba ile ya kwa leso."

Nikaanza kuhesabu. Dawa ilikuwa ikimshusha asubuhi tumboni hamna kitu, kisha chai na mkate vikimpandisha, juu, chini, siku tano kila wiki, na Jumamosi mke wangu akipika mama anakula na anatulia. Daftari lilikuwa limeniambia jambo hilo kwa wino. Nilikuwa nimemshuku mwenye kioski, kanisa, jirani na mgonjwa mwenyewe. Mpishi sikumshuku. Na nilipoingilia kati, nilichofanya ni kumwondolea vitu viwili vilivyokuwa vikimweka hai. Niliona haya, haya ya kweli, ya kunifanya nitazame viatu vyangu. Nilimwomba mjane msamaha. Alisema tu, "Hata mimi ningesema mapema," na akaenda kuchukua watoto.

Mke wangu alipofika jioni na vumbi la chaki mikononi hakunilaumu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Sisi wawili tulimdanganya, na yeye akatuficha," kisha akakaa, akafunika uso.

Siku iliyofuata daktari alifungua kidonda. Wiki zile za kupanda na kushuka zilikuwa zimefanya kazi yao. Kidole kilikuwa cheusi mpaka shinani. Ijumaa kilikatwa. Daktari alisema kwa kuwa wamewahi, chakula kikitulia mguu utapona, lakini lazima chakula kitulie. Alirudia neno lazima mara mbili na safari hii aliinua macho.

Chai ya hospitali ilikuja na sukari tayari, na mkate. Muuguzi akasema chakula cha mgonjwa wa sukari kitoke nyumbani. Mke wangu alikuwa amemaliza siku zake za ruhusa. Mjane alikuwa na sweta za shule za kumaliza wiki hiyo, na sikuwa na uso wa kumwomba zaidi. Mjomba wa mke wangu alisema kwenye simu kwamba jambo kama hilo lina njia yake ya kunyooshwa, mama akirudi Kamukuywa wazee wataitana. Lakini tembe zilikuwa kila asubuhi, na wazee walikuwa mbali.

"Nenda," mke wangu akasema. "Usimdanganye tu."

Kwa hiyo Jumatatu nilipika. Nilikata nduma kama nilivyozoea, kwa vipande vya mraba, nisijifanye mtu mwingine. Nilifika wodini muuguzi akiwa anamaliza kugawa dawa. Vitanda viwili vya jirani vilikuwa vimeachwa wazi, wenyewe wamekwenda kuoga. Mama alikuwa amekaa, mguu umefungwa bendeji, uso ameuelekeza dirishani. Niliposogea alijua, bega lake lilikaza. Nikaweka sahani juu ya kabati la kitanda, nikafunua. Nilitaka kukohoa, nikaona ni ujinga.

"Mama, ni mimi nimepika," nikasema. "Nilikuwa ni mimi tangu mwanzo. Nisamehe."

Hakugeuka. Nikatoka.

Ukumbini nilisimama nimeegemea ukuta wa rangi ya kijani kwa dakika ishirini. Nilijikataza kuchungulia mara tatu, na mara ya nne nilichungulia, lakini pazia la kitanda lilikuwa limevutwa. Sijawahi kungojea gunia lolote namna ile. Asipokula leo, nilijua, hatakula kesho, na kilichobaki cha mguu ule kitakwenda njia ya kidole.

Nilipoingia, sahani ilikuwa tupu. Yai halikuwapo, nduma haikuwapo, mboga ilikuwa imebaki uzi mmoja. Nilifurahi, kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimeshaona sahani tupu za mama huyu. Aibu iliyoje, lakini nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama ndani ya pipa la taka. Niliutazama mto, na mfuko uliokuwa ukining'inia kwenye chuma cha kitanda, na kitanda cha jirani. Hapakuwa na kitu, na bado sikuamini. Nilianza kukusanya kijiko na sahani polepole, nikimpa nafasi ya kuonyesha alikokificha.

Mama alikuwa bado anatazama dirishani. Akafuta mdomo kwa pembe ya leso.

"Huyo mwenye anapika," akaliambia dirisha, "mtu amwambie apunguze chumvi."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani.

"Ataambiwa, mama," nikasema.